Risasi moja, mitutu kumi

Mwambie kijana yeyote wa mjini kwamba kule Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu, kuna wawindaji wanaotoa fedha nzuri kununua bunduki inayopiga risasi moja tu, halafu mwenyewe aifungue, atoe ganda, aingize risasi nyingine kwa vidole. Atacheka. Atakuuliza, "Sasa hilo si gobore tu, kaka?" Nimelijaribu hili kwenye chumba chetu cha habari na nikapata jibu hilohilo kwa watu wanne mfululizo, akiwemo mhariri wangu, ambaye aliongeza kwamba nitafute habari ya kuandika.

Mimi si mwindaji. Silaha pekee niliyowahi kumiliki ni manati, na hata hiyo shangazi aliichoma moto. Kwa ujumla watu wanaozungumzia bunduki kwa sauti ya mtu anayemzungumzia mchumba hunichosha. Lakini hawa wa risasi moja nimekuwa nikiwasoma kwa muda sasa, na naona wana hoja ambayo wenzao wa magazini za risasi thelathini hawana. Hoja yao ina tundu, tena kubwa, nitalifikia. Kwanza tuwatendee haki.

Bunduki yenyewe ilianzia kwenye karakana iliyokuwa chini ya nyumba ya fundi mmoja aitwaye Warren Center. Mwaka 1965 Center alijiunga na kampuni ya K.W. Thompson Tool ya Rochester, New Hampshire, watu wa kuyeyusha na kumimina vyuma waliokuwa wakitafuta bidhaa yao wenyewe. Mwaka 1967 wakatoa Contender, na jina la biashara likawa Thompson/Center. (Sisi mwaka huo tulikuwa na Azimio la Arusha. Kila nchi na shughuli zake.)

Contender ilizaliwa kama bastola, bastola ndefu isiyoingia mfukoni hata kwa kulazimisha. Inavunjika katikati kama shotigani za kizamani: unaifungua, mtutu unainama mbele kwenye bawaba, unaingiza risasi, unafunga, unakoki nyundo kwa kidole gumba, unapiga. Basi. Ukitaka kupiga tena, rudia yote. Sasa angalia ujanja ulipo. Ile bawaba ni pini moja nene. Ukifungua skrubu za kipande cha mti kilicho chini ya mtutu, ukaisukuma pini ikatoka, mtutu wote unabaki mkononi mwako. Chukua mtutu mwingine, wa risasi ya aina nyingine kabisa, rudisha pini, rudisha kile kipande cha mti, tayari una bunduki nyingine. Dakika mbili tatu, bila fundi. Kwa kuwa risasi ndogo kama .22 hugongwa ukingoni mwa kitako chake ili ilipuke, na kubwa hugongwa katikati, kwenye nyundo wakaweka kiswichi cha kuchagua. Na darubini ya kulengea hufungwa juu ya mtutu, haifungwi kwenye fremu. Mtutu ukitoka unaondoka na darubini yake, ukirudi unarudi nayo ikiwa imelengwa karibu na pale ulipoiacha. Nikisoma hapo huwa nasema, huyu Warren Center alikuwa na akili.

Kilichoipa jina hasa miaka ya 1970 ni mchezo uliotoka Mexico, wa kulenga sanamu za chuma za kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo dume zilizosimamishwa mbali, mpaka mita 200 kwa wapigaji wa bastola. Watu wakagundua kwamba mtutu mmoja uliofungwa imara, bila mashine ya kujaza risasi, unalenga vizuri mno. Baadaye wakataka kitako cha begani, ikawa bunduki kamili. Mwaka 1998 kampuni ikatoa Encore, ndugu yake mkubwa, yenye fremu ya kuhimili risasi zenye nguvu kama .308 ambazo Contender haiziwezi. Mmoja wa mitutu inayopendwa sana ya Encore ni wa kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Yaani gobore hasa! Kwa hiyo wenzangu wa chumba cha habari walipatia kwa nusu.

Mvuto wa kwanza, basi, ni wa mfuko, na huu hauhitaji falsafa. Chukua mzazi wa kijijini kule New Hampshire au Kentucky. Mtoto anajifunza kulenga kwa mtutu wa .22, risasi isiyo na teke na ambayo bei yake ni ndogo. Akikua, fremu ileile inavalishwa mtutu wa .30-30 anakwenda kuwinda kulungu. Akitaka ndege au sungura, kuna mtutu mdogo wa shotigani. Kitako ni kilekile, triga ni ileile, nyundo ipo palepale hata gizani. Wanaoipenda husema kidole kinakuja kuijua triga moja kama mguu wa dereva unavyoijua klachi ya gari lake. Mimi nadhani hiyo ni sababu nzito kuliko bei.

Kwa wenye mfuko mwembamba kulikuwa na Handi-Rifle ya H&R, kampuni yenye asili Massachusetts. Hii haikuwa ya kubadilishana mitutu kiholela. Ukitaka mtutu wa pili unaipeleka fremu yako kiwandani, wanakulinganishia, wanakurudishia vyote viwili. Haikuwa na urembo wowote. Ilikuwa bunduki ya mtu anayetaka kitoweo, na nakiri moyo wangu uko kwake zaidi kuliko kwa ile ya mafundi wa Rochester.

Tatizo la hoja ya mfuko ni lile la printa. Printa unauziwa rahisi, wino ndio unaokufilisi. Fremu ni moja, sawa, lakini kila mtutu unataka darubini yake na vishikio vyake, na kama mtu anajaza mwenyewe maganda ya risasi, unataka na vifaa vyake. Mtu anaanza na mitutu miwili ya busara. Baada ya miaka kumi ana kabati. Ana mtutu wa risasi ambayo haiuzwi dukani, aliununua kwa sababu jina lake lilimvutia. Ukipiga hesabu, angeweza kununua bunduki tano kamili na chenji ikabaki. Hili wenyewe wanalijua na wanalicheka, kama mafundi wetu wanavyojicheka kwa masanduku ya spana ambazo hawazitumii.

Nililisema hili kwa sababu ndilo linalonitatiza. Mtu anavutwa na uchache, risasi moja, fremu moja, halafu uchache huohuo unamfungulia mlango wa kukusanya bila kikomo.

Mvuto wa pili ndio ulionifanya niandike. Hawa watu wanasema risasi moja inakubadilisha kabla hujapiga. Mwenye magazini, wanasema, risasi ya pili iko kichwani mwake wakati anapiga ya kwanza. Anajua akikosa atasahihisha. Mwenye risasi moja hana wa kumsahihisha. Kwa hiyo anasubiri mnyama ageuke ubavu. Anasogea mita thelathini zaidi, kwa tumbo ikibidi. Anaangalia kilichopo nyuma ya mnyama. Na mara nyingi, hili ndilo nililolipenda, anaacha. Ukisoma simulizi zao utakuta nyingi zinaishia kwa mtu kurudi nyumbani mikono mitupu, na anasimulia kwa raha kama mwenzake anayesimulia pembe.

Sisemi hayo ni kweli kwa kila mwenye bunduki ya aina hii. Risasi moja haimfanyi mtu kuwa mlengaji, na mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani wakati wewe unahangaika na ganda lililonasa hafaidiki na falsafa yako. Anayewinda nyati au mnyama mwingine awezaye kumrudia anajua hivyo vizuri. Frederick Selous, yule Mwingereza ambaye pori la akiba kule Rufiji lilibeba jina lake tangu 1922, alianza kuua tembo miaka ya 1870 kwa magobore makubwa ya risasi moja, na aliandika mwenyewe kwamba teke la magobore yale lilimharibu neva, likamharibia na ulengaji. Baadaye alihamia kwenye Farquharson iliyotengenezwa na Gibbs wa Bristol. Nayo ilikuwa ya risasi moja, ila ya kujazia nyuma, na mpaka leo wapenzi wa aina hii huitaja kwa heshima. Selous aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho katika vita na Wajerumani, na sehemu kubwa ya pori lile sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Namtaja kwa sababu wapenzi wa risasi moja humtumia sana kama babu yao, wakisahau kusema kwamba alitumia bunduki za risasi moja zaidi kwa kuwa ndizo zilizokuwepo wakati wake.

Na hapa ndipo tundu lilipo. Sisi wa upande huu tunaijua risasi moja kwa njia nyingine. Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, maelfu ya wapiganaji walilivamia boma la Wajerumani pale Mahenge wakiwa na mikuki, mishale na magobore. Ndani ya boma kulikuwa na bunduki mbili za rashasha, zile ambazo wazee waliziita bombomu. Mtu mwenye gobore pale hakuwa amechagua nidhamu. Hakuwa na lingine. Baada ya mlio wake mmoja alipaswa kusimama uwanjani, amimine baruti, ashindilie, wakati bombomu inaendelea kuongea. Kwake risasi moja haikuwa na mvuto wowote, na angekuona una wazimu ukimwambia inajenga utulivu.

Ndiyo maana yule kijana wa mjini anacheka ukimtajia. Kwetu gobore ni silaha ya mtu aliyekosa. Ni ile ambayo polisi kila baada ya muda wanatangaza isalimishwe, na siku ya kusalimishwa inapigwa picha ikiwa imefungwa kwa waya na mpira wa baiskeli. Risasi moja huvutia pale tu ambapo mtu angeweza kuwa na thelathini akasema hapana. Ukiondoa hilo "angeweza", unabaki na umaskini. Mmarekani anayejisifu kwa risasi yake moja anajisifia ile "hapana" yake, na ningependa awe anaisema wazi badala ya kuzungumza kana kwamba chuma chenyewe kina maadili.

Je, hiyo "hapana" ina nguvu gani? Hili ndilo swali langu, na nimelitafutia jibu kwenye sheria na kwenye biashara.

Tuanze na sheria, maana kuna kesi moja tamu. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki kisheria ni fremu. Fremu ndiyo yenye namba, ndiyo inayonunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni na kufanyiwa ukaguzi. Mtutu ni chuma tu. Unauagiza unakuja kwa posta kama kitabu. Ulaya ni tofauti. Kule mtutu unahesabiwa kuwa sehemu muhimu ya silaha, na maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 yanautaja waziwazi. Kwa hiyo kabati la mitutu la Mmarekani ni kabati la vyuma, na la Mjerumani ni kabati la karatasi.

Sasa, Thompson/Center walikuwa wakiuza seti: bastola ya Contender, kitako cha begani na mtutu wa inchi 21. Vitu vyote halali. Lakini Marekani ina sheria ya mwaka 1934 inayobana bunduki za begani zenye mtutu chini ya inchi 16, ambazo zilitakiwa kusajiliwa na kulipiwa kodi ya dola 200. (Kodi hiyo ilikaa palepale mpaka ilipofutwa kuanzia Januari 2026, usajili ukabaki.) Serikali ikasema: mwenye seti hii anaweza kufunga kitako cha begani huku ameacha mtutu mfupi wa bastola. Kwa hiyo nyie mmetengeneza bunduki fupi. Kampuni ikasema: sisi tumeuza vipande. Wakalipa dola 200 zao, wakafungua kesi wazirudishiwe.

Fikiria kitanda cha Keko kilichopakiwa kwenye mkokoteni vipande vipande. Ni kitanda? Wengi tutasema ndiyo. Lakini kama vipande hivyo vinaweza kuwa kitanda halali au kitanda haramu kutegemea utakavyovifunga, fundi ameuza kipi? Suala hilo lilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1992 majaji watano kwa wanne wakaipa kampuni ushindi. Jaji Souter aliyeandika uamuzi alisema sheria haiko wazi, na sheria yenye adhabu za jinai isipokuwa wazi, faida inakwenda kwa raia. Mwaka 2011 serikali yenyewe ikatoa mwongozo kwamba mtu anaweza kuigeuza bastola kuwa bunduki ya begani na kuirudisha, ilimradi asipitie kwenye ile hali haramu ya katikati. Yote hayo kwa sababu ya pini moja ya bawaba.

Huko Mississippi sheria imefanya kinyume: imezaa soko. Jimbo lile lina msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa silaha za kizamani, msimu wa magobore kwa Kiswahili chetu. Katika miaka ya 2000 wakaruhusu pia bunduki za risasi moja za kujazia nyuma, mradi nyundo ionekane nje na kaliba isipungue .35. Ghafla .35 Whelen, risasi iliyobuniwa miaka ya 1920, ikapata wateja wapya, na H&R wakaitengenezea Handi-Rifle. Tuwe wakweli, wengi wa wateja wale hawakuwa wametafuta utulivu wa nafsi. Walitafuta wiki zaidi za kuwinda. Katika majimbo mengine mtu mwenye fremu moja na mitutu mitatu anaweza kuingia msimu wa gobore, eneo la shotigani tupu na msimu wa kawaida, vyote kwa kitako kimoja. Hapo naona thamani halisi ya mitutu ya kubadilisha: inafuata kalenda ya bwana nyama.

Na kusini mwa Ujerumani ni mlima unaoamua. Wawindaji wa Alps wana bunduki zao za kuvunja katikati, Blaser K95 ikiwa mojawapo, inayotengenezwa Isny. Ina uzito wa kama kilo mbili na nusu, inafunguliwa vipande inaingia kwenye mkoba wa mgongoni. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba haibebwi ikiwa imekokiwa. Risasi inaweza kuwa ndani, lakini springi ya kupigia haina nguvu mpaka mwindaji aisukume kwa kidole gumba sekunde ile anayotaka kupiga. Akighairi, anairudisha. Kwa mtu anayening'inia kwenye jabali kwa mkono mmoja hiyo ni sababu ya kutosha, na wala hahitaji kukuhubiria. Akifika juu, baada ya saa nne za kupanda, swala wa milimani atampa nafasi moja hata kama angebeba risasi hamsini.

Kwa hiyo pale penye sheria au mlima, risasi moja inaishi. Imekuwaje pale ilipoachiwa hiari ya mnunuzi peke yake?

Mwaka 2006 Smith & Wesson ilitoa bunduki iitwayo M&P15, ya familia ya AR-15, ya kujijaza yenyewe, ya magazini za risasi thelathini. Mwaka uliofuata ikainunua Thompson/Center. Baada ya miaka michache kiwanda cha Rochester kikafungwa, kazi ikahamishiwa Springfield, Massachusetts. Sasa angalia: AR-15 nayo ina siri ileile ya Warren Center. Kipande cha chini ndicho bunduki kisheria, kipande cha juu chenye mtutu kinatolewa kwa pini mbili na kubadilishwa. Kaliba nyingine, urefu mwingine, darubini yake juu yake. Sheria ileile inayouita mtutu "chuma tu" ilizibeba zote mbili. Ukiondoa risasi moja, kila kitu ambacho Contender ilikiahidi, AR-15 ilikitoa, pamoja na hizo risasi ishirini na tisa za ziada. Kwa upande mwingine bunduki za bolt zikawa rahisi kiasi kwamba hoja ya mfuko nayo ikafa. Handi-Rifle ilisitishwa mwaka 2015. Mwaka 2020 Smith & Wesson ikatangaza kuachana na Thompson/Center, na 2021 uzalishaji ukasimama, katika kipindi ambacho Wamarekani walikuwa wananunua bunduki kuliko wakati mwingine wowote.

M&P15 ndiyo iliyotumika Februari 2018 katika shule ya sekondari ya Parkland, Florida, walipouawa watu 17. Siilinganishi ili kumtia hatiani kila mwenye AR-15. Mamilioni wanazo na hawajamdhuru mtu. Ninachosema ni kwamba kampuni moja ilikuwa na bidhaa zote mbili kwenye rafu, ile ya risasi moja na ile ya thelathini, na wanunuzi walipopewa hiari walionyesha wanataka ipi. Wapenzi wa risasi moja huzungumza kana kwamba utamaduni wao ni jibu kwa wanaotaka sheria kali: tazameni, tunaweza kujizuia wenyewe. Mimi nawaamini kuhusu nafsi zao. Kuhusu jirani zao, rafu ya dukani imeshajibu.

Hata hivyo sioni kwamba inawafanya wapuuzi. Mtu anayechagua kifaa kinachompunguzia uwezo, katika nchi ambayo kila tangazo linamwambia aongeze, anafanya jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi hata kwenye simu zetu. Ningemheshimu zaidi kama angekuwa na mtutu mmoja badala ya kumi, lakini hilo ni langu.

Mwaka 2024 Smith & Wesson iliiuza Thompson/Center kwa Gregg Ritz, aliyewahi kuiongoza kampuni hiyo zamani, naye akatangaza nia ya kuirudisha sokoni. Wenye fremu za zamani wamefurahi. Wanataka mitutu mipya ya kuongeza kwenye kabati. Hao ni wateja wa uhakika, na wengi wao wana mvi. Mimi nangoja kuona kama kuna kijana wa miaka ishirini na mitano atakayeingia dukani na kuomba fremu.